Ruzuku Ikikatwa, Deni Linabaki kwa Nani?



Wengi wetu tulio katika shahada za juu, na hata baadhi ya walio mwaka wa nne, tunakula posho za utafiti bila kujua fedha hizo zimetoka mfuko gani. Tunamjua mhadhiri aliyetuchukua kukusanya data, tunaijua nauli na malipo ya siku, basi. Juu ya mhadhiri kuna mkuu wa mradi, juu yake chuo cha ng'ambo, na juu ya chuo hicho, mara nyingi, serikali ya shirikisho ya Marekani. Mwaka 2025 mnyororo huo ulitikiswa kutoka juu, na walioumia kwanza ni walioshika ncha ya chini. Ndiyo maana nataka tuulizane: mfadhili anapobadilisha masharti au kukata fedha katikati ya kazi, nani anabaki na deni kwa mvuvi, mama na mzee tuliowaendea na maswali yetu?

Nauliza kama mwanafunzi, na nauliza kama Mbajuni. Wazee wangu ni watu wa Chovai, mojawapo ya visiwa vinavyofuatana kusini mwa Kismayo: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo, hadi karibu na Ras Kamboni. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991 wengi wao walikimbilia Kenya. Watu wetu wamekwisha kuulizwa maswali mengi na wageni wengi. Majibu yaliyorudi kwao ni machache.

Yaliyobadilika

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90. Mwezi Machi waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, alitangaza kuwa asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na tarehe 1 Julai shirika hilo likafunga rasmi kazi zake. Miongoni mwa vilivyozimika mwezi Januari ni mtandao wa FEWS NET, ulioanzishwa mwaka 1985 ili kuonya mapema kuhusu njaa. Ulirejea baadaye, lakini ulizimika. Kwa mtu wa Juba ya Chini hilo si jambo dogo. Njaa ya Somalia ya 2010 hadi 2012 ilikadiriwa kuua watu wapatao 258,000, na onyo lilikuwepo. Je, pasipokuwa na onyo kabisa?

Kwa upande wa utafiti wenyewe, taasisi ya taifa ya afya ya huko, NIH, ilitangaza tarehe 1 Mei 2025 kwamba haitatoa tena ruzuku ambazo ndani yake chuo cha Marekani kinamgawia mshirika wa nje sehemu ya fedha, mpaka utaratibu mpya uwekwe. Mgao wa namna hiyo ndio mlango ambao vyuo vingi vya Afrika Mashariki vilipitia. Ikafuata kanuni kwamba kuanzia tarehe 25 Septemba mtafiti mkuu mmoja asipeleke maombi zaidi ya sita kwa mwaka, na kwamba maombi yaliyoandikwa kwa kiasi kikubwa na akili mnemba hayatazingatiwa. Tarehe 7 Agosti ilitoka amri nyingine ya Rais: wateule wa kisiasa wapitie ruzuku kabla hazijatolewa, na mikataba iwe na kifungu kinachoiruhusu serikali kuikatisha hata pale mpokeaji asipokosa lolote.

Tusilaumu kila kitu kwa pamoja. Sababu iliyotolewa kuhusu mgao wa washirika wa nje ni kwamba fedha zinazopita mikono mingi hazifuatiliki vizuri. Muislamu hawezi kuidharau sababu hiyo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Fomu, risiti na ukaguzi wa hesabu ni sehemu ya ibada ya uaminifu, ingawa tunavichukia. Hata sharti la akili mnemba lina maana yake, kwani anayeomba fedha kwa fikra zisizo zake ameanza kwa udanganyifu. Tatizo langu ni la mahali pengine.

Hiba, ijara au ju'ala?

Ruzuku ni mkataba wa aina gani? Ikiwa ni hiba, katika madhehebu yetu ya Shafi haimfungi mtoaji mpaka ikabidhiwe, na kisichokabidhiwa anaweza kukizuia. Ikiwa ni ijara, mkataba unawafunga wote wawili. Mimi naona inakaribia zaidi ju'ala, yaani ahadi ya malipo kwa atakayefanya kazi fulani, mfano wa mtu asemaye: atakayenirudishia ngamia wangu aliyepotea nitampa kiasi hiki. Wanazuoni huitolea dalili kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayeleta kopo la mfalme.

Hukumu ya ju'ala kwa Mashafi inatufaa hapa. Mtoa ahadi anaweza kuivunja kabla kazi haijakamilika. Lakini akiivunja baada ya mtu kuanza kazi, inamlazimu amlipe ujira wa mfano kwa kiasi alichofanya. Haki ya kusitisha ipo, ila haifuti jasho lililokwisha kutoka.

La kushangaza ni kwamba mahakama za Marekani zilijikuta kwenye swali lilelile. Tarehe 5 Machi 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa kura tano dhidi ya nne, ilikataa kuzuia agizo la jaji wa chini kuhusu malipo ya takriban dola bilioni 2 kwa kazi za misaada zilizokwisha kufanywa. Watu wasiosoma fiqhi yetu walibishana juu ya jambo ambalo fuqahaa walilijadili kwa mfano wa ngamia.

Lakini mnyororo una pingu nyingi, na hapa ndipo kila mmoja wetu anapoingia. Jamaa yangu mmoja, nahodha wa boti Kismayo, alikuwa akiwapeleka wapimaji samaki visiwani. Mradi uliposimama, siku zake kumi na moja hazikulipwa, wala mafuta ya safari ya mwisho. Aliambiwa mfadhili amekata fedha. Nahodha huyu hakuajiriwa na Washington. Aliajiriwa na mtu aliyesimama ufukweni akamwambia, "Twende, tutakulipa kwa siku." Hiyo ni ijara safi, na deni liko kwa aliyetamka neno hilo. Yeye ana haki ya kumdai aliye juu yake, na huyo amdai wa juu yake, lakini hana haki ya kumfanya kibarua angoje mwisho wa kesi ambayo hata jina lake halimo.

Amana isiyo na risiti

Deni la nahodha angalau lina hesabu: siku kumi na moja na mafuta. Lipo lingine lisilohesabika, la yule aliyejibu maswali bure. Mzee anayekutajia majina ya miamba na pepo, mama anayekueleza watoto aliozika, hawakukuuzia kitu. Wamekuweka. Hiyo ni amana, na aya ya 58 ya Surat an-Nisaa inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Haikusema zirudishwe ruzuku ikiwepo.

Historia yetu inaonyesha kinachotokea maarifa yasiporudi. Mwaka 1955 Vinigi Grottanelli alichapisha huko Roma kitabu kinene juu ya wavuvi wa Kibajuni. Ni kazi kubwa, kwa Kiitaliano. Wajukuu wa walioelezwa mle wengi wao hawajawahi kukishika, na wangekishika wasingekisoma.

Maarifa hayo pia hubadilika matumizi. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo kuhusu waombaji hifadhi wa Kibajuni, na jambo mojawapo lililopimwa lilikuwa kama mtu anakijua Kibajuni. Fikiria kijana aliyezaliwa vitani, akakulia ukimbizini kati ya wasemaji wa Kiswahili cha mjini, anaulizwa maneno ya bibi yake ili aaminiwe kuwa ni mjukuu wake. Lugha yetu ikawa ushahidi mbele ya watu ambao bibi hakuwajua. Ndiyo maana kumwambia mtu "data yako itatumika kwa utafiti tu" ni ahadi nzito kuliko tunavyoitamka.

Mifano mizuri ipo pia. Mwanaisimu Derek Nurse wa Chuo Kikuu cha Memorial, Kanada, aliweka mkusanyiko wake wa Kibajuni, msamiati na sarufi, wazi mtandaoni bila malipo. Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kupitia programu ya Maktaba ya Uingereza ya kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, ambayo kanuni yake ni kuwa nakala asili haziondoki nchini mwake. Mradi ule ukiisha, au hata ungekatwa njiani, miswada ingekuwa bado Lamu. Hapo urejeshaji ulikuwa ndani ya umbo la kazi tangu mwanzo, haukuachwa uwe ukurasa wa mwisho wa bajeti.

Tufanye nini?

Najua jibu la wengi: mimi ni mwanafunzi, sina fedha, mradi ukifa nami nimekufa nao. Ni kweli, na dini haimkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Huwezi kumaliza utafiti wa miaka mitano kwa mfuko wako. Lakini mambo matatu yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, lipa vibarua kila wiki, wala usiache malipo yao mpaka fungu linalofuata la ruzuku liingie. Kama fedha ya wiki hii haipo mkononi, boti isiondoke.

Pili, rudisha kidogo kidogo. Ukimaliza kijiji kimoja, waachie ukurasa mmoja kwa lugha yao, usomwe msikitini au chini ya mti baada ya Alasiri, kabla hujaenda cha pili. Fedha zikikatwa kesho, kijiji cha kwanza kimekwisha kupata chake.

Tatu, usiahidi ya mfadhili kana kwamba ni yako. Sema wazi: "Fedha hizi zinaweza kusimama. Zikisimama, haya ndiyo nitakayoyafanya mimi." Kama huna la kujaza hapo, bado hujawa tayari kuuliza.

Na liko jukumu letu sote kwa pamoja. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuutengea asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Tuidai asilimia hiyo kwa sauti ileile tunayodai mikopo ya masomo. Nasi Waislamu tunao waqfu, uliolisha wanafunzi na walimu kwa karne nyingi bila kungoja amri ya rais yeyote. Jumuiya yetu haiwezi kufadhili maabara, lakini inaweza kutenga sehemu ya michango yake kuchapa muhtasari wa Kiswahili wa kila tasnifu ya mwanachama na kuupeleka kule data ilikotoka. Naleta pendekezo hilo rasmi kwenye mkutano ujao, na naomba mwenye kulipinga aje na hoja, kwani huenda akaliboresha.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaorudisha amana, fedha zikiwepo au zisiwepo. Amin.