Je, yafaa kumwamini anayejipima mwenyewe?



Katika vijiji vyetu, mzee akishindwa kutembea, watu hawaulizani ni nani atakayemlisha. Mkwe yupo, wajukuu wapo, na kama hawapo, jirani ataleta ugali na sombe. Sisemi kwamba kila mzee kwetu hutunzwa vema. Nimewaona waliosahauliwa nyuma ya nyumba, na wengine wameitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu na upweke tu. Lakini angalau aibu yetu yaonekana mchana: kila apitaye njiani hutambua kama bibi fulani amekonda.

Huko Marekani mambo ni mengine. Mzee asiyeweza tena kuinuka kitandani mara nyingi hupelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Nyumba hizo ni kama 15,000, na ndani yake wamo watu zaidi ya milioni moja. Nyingi ni mali ya wafanyabiashara. Hapo hapana jirani apitaye na kuchungulia. Mtoto anayetaka kumweka mama yake humo hana budi kuuliza: nitajuaje kwamba atageuzwa kitandani, atapewa maji, wala hataanguka usiku na kukosa wa kumwinua?

Labda mtasema: haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Wakongo wengi waliotoka kambi za wakimbizi wamepokewa Marekani, na baadhi yao ndio wanaowaosha na kuwalisha wazee hao. Mtoto wa dada yangu mkubwa ni mmoja wao. Mwaka huu aliniandikia: «Mjomba, usiku wa Jumapili nilikuwa peke yangu na wazee 24. Wanane kati yao hugeuzwa kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia. Sikuweza. Asubuhi msimamizi alinipa karatasi niandike kwamba wote waligeuzwa. Niliandika. Je, nimetenda dhambi?»

Barua hiyo ilikaa mfukoni mwangu siku nyingi kabla sijaijibu. Nitawaambieni kwa nini.

Kwanza yafaa mjue jinsi serikali ya Marekani ipimavyo nyumba hizo. Sheria kubwa ilitungwa mwaka 1987, baada ya uovu mwingi kufichuliwa. Ilitoa haki kwa mzee: asifungwe kwa kamba kwa ajili ya kuwarahisishia wafanyakazi kazi, asinyweshwe dawa za kumlegeza bila sababu ya ugonjwa, atendewe kwa heshima. Wakaguzi hawana budi kufika bila kutoa habari, na kati ya ukaguzi na ukaguzi isipite zaidi ya miezi 15. Halafu, mwezi wa Desemba 2008, serikali ilianza kuzipa nyumba nyota, tangu 1 hadi 5, ili mtoto aliye mbali apate kuchagua. Nyota zatokana na mambo matatu: walivyoona wakaguzi, hesabu ya wauguzi na wasaidizi wao, na vipimo vya hali ya wazee, kama vile vidonda na kuanguka.

Wazo hilo ni jema. Lakini tazameni kwa makini. Katika kila jimbo, nyota 5 za ukaguzi hupewa sehemu ya kumi iliyo bora, na nyota 1 hupewa sehemu ya tano iliyo mbaya kupita zote. Maana yake nini? Mwalimu yeyote ataelewa upesi. Mtoto wa kwanza katika darasa lililoshindwa hesabu bado ni wa kwanza. Walakini hajui kugawanya. Nyota zasema kwamba nyumba hii yaipita ile. Hazisemi kwamba nyumba hii ni njema.

Tena, ni nani aliyehesabu wafanyakazi? Kwa miaka mingi, nyumba zenyewe zilijaza karatasi kuhusu majuma mawili ya karibu na ukaguzi. Tangu 2016 serikali ilizilazimisha kuleta hesabu itokayo katika daftari za mishahara, na tangu 2018 nyota za wafanyakazi zikapimwa kwa daftari hizo. Ndipo waandishi wa magazeti walipolinganisha, wakakuta nyumba nyingi zina wauguzi wachache kuliko zilivyokuwa zikisema, na kwamba Jumamosi na Jumapili hupungua sana. Wazee hawaponi siku ya Jumapili. Tangu 2022 hesabu ya siku hizo mbili yaingizwa katika nyota, pamoja na hesabu ya wafanyakazi wanaoacha kazi.

Hapa sina budi kuungama jambo langu mwenyewe. Zamani, katika shule moja niliyofundisha, tulipata habari kwamba mkaguzi yu njiani. Watoto 15 walikuwa hawajaonekana kwa muda wa wiki tatu. Ilikuwa ni wakati wa viwavi, nao walikuwa porini pamoja na mama zao. Mkubwa wa shule alinitazama, nami nikachukua kalamu, nikawatia alama ya kuwapo, siku baada ya siku. Mkaguzi alisifu rejista yangu kwa usafi wake. Nilifurahi, hata jioni. Usiku nilifikiri hivi: shule yenye watoto wote darasani haina haja ya msaada wowote. Nilikuwa nimeomba kwa mdomo wangu tupewe mwalimu wa pili na chakula cha mchana ili watoto wasitoroke. Kwa kalamu yangu nilikuwa nimeshuhudia kwamba hatuhitaji. Mwalimu wa pili hakuletwa.

Kwa hiyo nilipoisoma barua ya mpwa wangu, nilijiona ndani yake, wala sikuwa na haraka ya kumhukumu.

Wengine husema uongo wa karatasi ni mdogo, kwa maana haumpigi mtu wala kumwibia. Tuuchunguze. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua habari za miaka 2011 hadi 2015 juu ya wazee walioanguka katika nyumba hizo na kuumia sana hata wakapelekwa hospitali. Hospitali zilikuwa na hesabu yake, kwa sababu zilidai malipo. Wakatafuta maanguko hayo hayo, zaidi ya 150,000, katika taarifa ambazo nyumba zilizileta serikalini. Walikuta asilimia 57.5 tu. Mengine yote hayakuandikwa. Mfupa wa mama ulivunjika kweli, lakini kwenye karatasi hakuanguka kamwe, na mtoto wa mwanamke mwingine akasoma karatasi hiyo, akampeleka mama yake palepale.

Liko jambo baya zaidi. Dawa zitolewazo kwa wenye maradhi makali ya akili hutumiwa pengine kuwanyamazisha wazee waliosahau mambo, nazo zaweza kuwaletea kifo. Serikali huhesabu nyumba hutoa dawa hizo kwa wazee wangapi, lakini haimhesabu mwenye ugonjwa uitwao skizofrenia, kwa maana huyo azihitaji. Basi ikaonekana kwamba katika nyumba nyingine wazee waliandikiwa skizofrenia pasipo ushahidi wa kutosha. Mwezi wa Januari 2023 serikali ilitangaza kwamba itaanza kukagua maandishi hayo. Kumbe, mtu anaweza kupewa ugonjwa kwa ajili ya kuipendezesha hesabu!

Utauliza: je, basi hesabu zote zitupwe? Najibu: hapana. Ni hesabu iliyowafichua waongo. Hesabu ni shahidi, na kila shahidi hupimwa kwa swali moja: akisema kweli, apata hasara gani? Nyumba ijiandikiayo maanguko yake hupoteza nyota, na pamoja na nyota hupoteza wateja. Kwa hiyo ushuhuda wake ni dhaifu. Hospitali iliyomfunga mzee mfupa haipati hasara kwa kusema kweli. Daftari la mishahara laweza kulinganishwa na fedha zilizotoka. Mwenye busara atasikiliza kwanza mashahidi wa namna hiyo.

Najua pia kwamba si kila jambo huingia katika daftari. Mwezi wa Septemba 2017, katika mji wa Hollywood, jimbo la Florida, tufani ilikata umeme wa mashine za kupoza hewa katika nyumba moja ya wazee. Joto lilipanda siku baada ya siku. Wazee 12 walikufa kwa ajili ya hayo. Hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya barabara! Mwaka uliofuata jimbo lilitunga sheria kwamba nyumba hizo ziwe na jenereta. Sheria ilikuwa ya lazima. Hata hivyo sidhani kwamba kilichokosekana siku zile kilikuwa mashine peke yake.

Na juu ya hesabu ya wafanyakazi, ambalo ndilo shina la mambo yote: mwaka 2001 uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba mzee ahitaji kama saa 4.1 za kutunzwa kila siku asipate madhara. Mwaka 2024 serikali iliamuru saa 3.48. Wenye nyumba walilalamika kwamba wafanyakazi hawapatikani na fedha hazitoshi, na katika vijiji vya mbali malalamiko hayo yalikuwa na ukweli. Mwaka 2025 hakimu wa Texas aliibatilisha amri, kisha bunge likazuia isitekelezwe hadi 2034.

Mtoto wa mzee afanye nini, basi? Asome taarifa nzima ya wakaguzi, si nyota tu. Aende mwenyewe, tena Jumapili jioni, asiagane na mtu. Asimame ukumbini asikilize kengele ya mgonjwa yalia muda gani kabla ya mtu kuja. Atazame kama kikombe cha maji kipo mahali mkono wa mzee unapofika. Amwulize anayefagia amekaa hapo miaka mingapi. Baada ya kuchagua, aendelee kufika, maana mzee mwenye mgeni kila juma hutunzwa kuliko asiye naye; jambo hilo ni la aibu, lakini ndivyo wanadamu tulivyo. Akiona ubaya, kila jimbo lina mtetezi wa wazee ambaye sheria imemweka asikilize mashtaka. Aliyehesabu nyota na kurudi nyumbani hajamheshimu bado baba yake na mama yake.

Mpwa wangu nilimjibu hivi: «Mwanangu, aliyekupa wazee 24 peke yako ana kosa kubwa kuliko lako, nawe usijitwike mzigo wake. Lakini uliposema kwamba wote waligeuzwa, ulimpa ushahidi kwamba mtu mmoja atosha kwa wazee 24. Kesho atakuonyesha karatasi yako mwenyewe ukimwomba mwenzi. Huo ni ushuhuda wa uongo, na anayeumia ni yule bibi wa kitanda cha mwisho. Andika saa ile ile uliyomgeuza. Kama hukumgeuza, andika hivyo.» Niliongeza kwamba mimi sina kodi ya nyumba ya kulipa huko Marekani, na kwamba ni rahisi kuandika maneno kama hayo nikiwa chini ya mwembe.

Barua yake ya mwisho imefika juzi. Asema kwamba usiku wa Jumapili iliyofuata walikuwa tena 24. Aliwageuza watano, wale watatu aliwaandika kuwa hawakugeuzwa, akatia jina lake. Msimamizi ameichukua karatasi bila kusema neno, wala bado hajamwita.