Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Wapendwa wa Mutakura, wiki hii naomba tusome Nehemia sura ya 2 na ya 3, polepole, hata yale majina marefu ambayo wengi wetu huyaruka.

Nehemia alifika Yerusalemu na barua za mfalme. Moja ilikuwa ya Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili ampe miti ya kujengea. Mwenye barua kama hizo angeweza kuanza kuamuru siku ile ile. Yeye alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache, akazikagua kuta zilizobomoka kwa macho yake hadi mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita. Ndipo akawaita watu waujenge upya ukuta. Na tazameni waliokuja: makuhani, Uzieli mfua dhahabu, Hanania mtengeneza manukato, Shalumu na binti zake. Baadhi yao walijenga kipande kilichoelekea nyumba zao wenyewe.

Nikiyasoma hayo nalifikiria ziwa letu la Tanganyika. Kati ya 1995 na 2000, mradi mmoja wa Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia uliwakutanisha wataalamu wa viumbe vya majini, wa udongo, wa uchafuzi, wa uvuvi na wa maisha ya jamii. Anayechunguza samaki huona wanapungua miambani. Anayechunguza udongo ndiye anayejua kwamba tope linateremka kutoka mashamba ya milimani, kwa mkulima ambaye huenda hajawahi kushika wavu. Kazi hiyo ilizaa Mkataba wa ziwa hilo uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na baadaye Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao hapa hapa Bujumbura. Utafiti ukawa sheria.

Lakini sheria humfikia nani? Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mtaalamu anahesabu mayai, waziri anahesabu miezi, na mama muuza ndagala anahesabu karo ya wanawe. Hesabu zote tatu ni za kweli, na anayeongoza kazi ya namna hii hana budi kuzisikia pamoja tangu siku ya kwanza. Kumwita mvuvi siku ya mwisho, aje kusikiliza matokeo kwa Kifaransa na kupiga makofi, si kumshirikisha. Ni kumdharau, na nalisema hili kwa uchungu.

Maandiko hayakuficha ugumu wa kufanya kazi pamoja. Wakuu wa mji wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo zao kwa kazi ya ukuta. Watu wao wa kawaida walijenga hata hivyo, tena vipande viwili. Nehemia hakuisimamisha kazi ili kuwabembeleza wakuu, na ukuta ulikamilika kwa siku 52.

Vijana wetu mnaosoma Chuo Kikuu cha Burundi, nanyi mnaotumika wizarani: kabla hamjaandika mpango wa utafiti wenu ujao, shukeni ufukweni alfajiri, mitumbwi inaporudi, muwaulize wavuvi wao wenyewe wangependa lichunguzwe jambo gani. Kisha, wakiridhia, majina yao yaandikwe katika ripoti pamoja na ya maprofesa, kama Nehemia alivyomwandika mfua dhahabu kando ya kuhani.