Sumu na Dawa

Je, msomaji, hasira na tamaa zifukuzwe moyoni, au zaweza kufanywa watumishi wema? Wafuasi wa Buddha wamelifikiri swali hili kwa karne nyingi. Wengi hufundisha kwamba tamaa ni moto, na moto huzimwa. Njia iitwayo Tantra, iliyotoka Bara Hindi ikastawi Tibet, haikani neno hilo, lakini yaongeza kwamba moto uunguzao nyumba ndio uivishao chakula. Mtu mwenye nia ya kuwaokoa viumbe wote, akiongozwa na mwalimu, aweza kuigeuza nguvu ya hasira kuwa hekima, kama tabibu ageuzavyo sumu kuwa dawa.

Mvivu hufurahi asikiapo hayo, akidhani amepewa ruhusa ya kufuata tamaa zake. Na asikie habari za Milarepa, wa karne ya 11. Watibeti husimulia kwamba ujanani aliua watu kwa uchawi, akilipiza kisasi cha jamaa yake. Majuto yalipomshika alimwendea Marpa, aliyejifunza Tantra Bara Hindi. Marpa hakumpa siri yo yote. Alimwamuru ajenge mnara wa mawe, aubomoe, ajenge tena, hata mgongo ukatoka vidonda. Kiburi kilipokwisha ndipo alipofundishwa; akakaa mapangoni miaka mingi akitafakari, mpaka akapata mwangaza.

Bidii iliyomfikisha kwenye uchawi ndiyo iliyomfikisha kwenye hekima. Nguvu ilikuwa ile ile. Bwana wake alibadilika. Nawe unayo nguvu hiyo. Ni nani bwana wake?