Maryam Alipotamani Kufa



Ndugu zangu, kuna jambo tunalinong'ona tu matangani: kujiua. Likitokea, upesi tunasema marehemu alikuwa na imani haba. Hukumu hiyo inawafumba midomo wanaoteseka humu humu safuni.

Fungueni Surat Maryam, aya ya 23. Uchungu wa uzazi umempeleka mteule wa Mola kwenye shina la mtende, yu peke yake, na anajua watu watasema nini. Akatamani lau angekufa kabla ya hayo na kusahaulika kabisa. Nani atasema Maryam alikosa imani? Wala hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito, akaamriwa atikise mtende zidondoke tende mbivu, ale, anywe, atulie. Hata maneno ya watu akafundishwa namna ya kuyakabili: asizungumze nao siku hiyo.

Hata madaktari wamelichunguza jambo hili. Daktari Aaron Beck wa Marekani na wenzake walitunga maswali 20 ya kupima kukata tamaa, wakayatoa mwaka 1974. Beck aliona kwamba hatari ya kujiua haimo katika wingi wa huzuni tu, bali katika kuamini kuwa kesho haina kitu. Imani hiyo ya uongo huwaingia watu kwa milango tofauti. Kuna asiyejisamehe: akifeli mtihani mmoja, anajiona amefeli yeye mzima. Kuna anayejihesabu mzigo, akidhani wanawe watapumzika akiondoka. Kuna mwenye pupa, hasira ikimpanda anaamua papo hapo. Wengi wana tabia hizi na wanazeeka nazo salama. Lakini deni, talaka, maradhi au fedheha ikiwakuta, wengine hawaoni tena njia ya pili.

Kujiua ni haramu. Surat An-Nisaa, aya ya 29, imekataza. Ila aya hiyo hiyo inamalizia kwa kutaja huruma ya Allah kwetu, na sisi mawaidha yetu mara nyingi yanaishia kwenye katazo.

Ukimwona mwenzio amejitenga, anaaga aga, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, mwondolee vya kujidhuru, mfikishe hospitali. Dua na dawa havigombani.

Na aliyekwisha kufa, msiikimbie nyumba yake. Imam Muslim amepokea habari za sahaba Tufayl bin Amr: mwenzake waliyehama naye kwenda Madina aliugua, subira ikamwishia, akaijeruhi mikono yake akafa. Tufayl akamwota yu katika hali njema, amesamehewa kwa sababu ya hijra yake, ila mikono ameifunika. Alipomsimulia Mtume Muhammad (S.A.W.), Mtume akamwomba Allah aisamehe na mikono yake.