Aongozaye na Ashike Jembe



Swali tunalotaka kulitazama hapa ni dogo kwa maneno lakini zito kwa maana: Je, kijana hujifunza uongozi kwa kupewa amri juu ya wenzake, au kwa kupewa kazi pamoja nao? Wengi hujibu upesi kwamba mambo haya mawili ni mamoja. Sisi twaona kwamba si mamoja hata kidogo, na kwamba kutoyatenganisha ndiko kunakotuletea viongozi wajuao kuagiza na wasiojua kutumikia.

Tuchukue mfano wa kijana asomaye sekondari katika kata ya Nyasubi, mjini Kahama, mkoani Shinyanga. Mji huu umo katika nchi ya dhahabu. Bulyanhulu haiko mbali, Geita iko upande wa kusini-magharibi ya Ziwa, na karibu kabisa na mji upo Buzwagi, mgodi uliofunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Kijana wa mji kama huu hukua akiona mtu akitajirika msimu mmoja na kufilisika msimu wa pili. Huona pia kwamba mwenye fedha husikilizwa hata kama hana la kusema. Basi shule ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kijana huyo aweza kufundishwa kwamba heshima ya mtu hutoka katika kitu kingine kisichokuwa mali. Je, shule zetu zinamfundisha hivyo?

Na tuseme kweli. Katika shule nyingi za nchi yetu mwanafunzi akichelewa huambiwa afyeke majani. Akipiga kelele darasani huambiwa adeki choo, au achote maji ya bustani. Asimamaye kando yake kuangalia kwamba kazi imekamilika ni kiranja, ambaye kwa cheo chake amesamehewa kufagia na kufyeka. Kisha Jumamosi wanafunzi wote huitwa na kuambiwa: Leo tunakwenda kusafisha zahanati, maana kuwatumikia watu ni jambo tukufu. Mtoto mwenye akili atayaamini yapi? Maneno ya Jumamosi, au matendo ya Jumatatu hata Ijumaa?

Hapa pana masomo mawili yanayofundishwa bila kuandikwa ubaoni. La kwanza ni kwamba kazi ya mikono ni fungu la mkosaji. La pili ni kwamba cheo ni ruhusa ya kutofanya kazi. Yaunganishe masomo hayo, nawe utapata sura kamili ya ofisa anayechukiwa na wananchi: mtu aonaye kwamba kuinama ni aibu, na kwamba amepanda ngazi ili wengine wainame badala yake. Mtu huyo hakuanza ofisini. Alianza shuleni, siku aliposimama na fimbo mkononi huku mwenzake akishika fagio.

Wala isidhaniwe kwamba mwendo huu ni mila yetu ya asili. Cheo cha kiranja kililetwa na shule za wakoloni, ambazo ziliiga shule za mabwana wa Uingereza. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliweka shule Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu, na nia ilikuwa kuwaandaa watoto hao kutawala. Lakini Wasukuma walikuwa na mafunzo yao ya uongozi kwa vijana kabla ya hapo. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao wa kulima, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale, yaani kijana mkubwa. Huyu hakurithi cheo kama mtemi. Alikuwa kijana miongoni mwa vijana. Mwenye shamba aliyehitaji msaada alimwendea yeye, naye aliwakusanya wenzake wakalima kwa pamoja, na malipo yakawa karamu ya wote. Hata leo ngoma ya bugobogobo, inayochezwa kwa majembe mikononi, yakumbusha kwamba kulima pamoja kulikuwa fahari, wala hakukuwa adhabu. Uongozi wa kijana ulipimwa shambani.

Dini nayo yatoa ushahidi huo huo. Mwaka 627, mji wa Madina ulipokuwa unangojea kuvamiwa, Waislamu walichimba handaki kuuzunguka upande uliokuwa wazi. Mtume Muhammad s.a.w. alikuwa mkuu wa mji ule na amiri wa jeshi lile. Angaliweza kukaa kivulini na kuagiza, na hakuna ambaye angalimlaumu. Lakini yeye alichimba na kubeba udongo pamoja na masahaba wake, akivumilia njaa waliyoivumilia wao. Je, cheo chake kilipungua kwa vumbi lile? Kinyume chake, ndipo wafuasi wake walipojua kwamba neno lake na mkono wake ni kitu kimoja.

Pengine msomaji atasema: Hayo ni ya zamani na ya watu wateule, tuletee mfano wa vijana wenye elimu wa nchi hii. Mfano uko, na ni wa kufikiriwa sana. Mwezi Oktoba 1966 Serikali ya Tanzania ilipendekeza kwamba wahitimu wa masomo ya juu walitumikie Taifa kwa miaka miwili: miezi kadhaa katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, na muda uliosalia katika kazi zao, huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 ya mwezi huo mamia ya wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga. Rais Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao, jumla yao wakikaribia mia nne.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama kisa cha vijana wenye choyo waliotiwa adabu. Lakini ukiichunguza utaona kwamba pande zote mbili zilisimama juu ya msingi mmoja. Wanafunzi walinung'unika kwamba wanaotakiwa kujinyima ni wao, ilhali wakubwa wanaowataka wajinyime wanapokea mishahara minono. Naye Rais, pamoja na ghadhabu yake, hakuyakana hayo: alitangaza kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 likafuata Azimio la Arusha na miiko yake kwa viongozi, na mwezi Machi ukatoka mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea. Basi vijana walikosea walipodhani kwamba elimu yao ni mali yao peke yao. Lakini hawakukosea walipodai kwamba anayeagiza kujitoa aanze yeye. Tena sheria ina mpaka wake. Utumishi huo wa lazima uliendelea miaka mingi, ukasitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Sheria yaweza kumfikisha kijana kambini. Kuufikisha moyo wake huko ni kazi ya mfano mwema.

Sasa huja swali la pili: Je, mwanafunzi anadaiwa chochote? Kijana aweza kusema: Mimi sikuomba kuzaliwa wala kusomeshwa, kazi yangu ni kusoma na kufaulu. Twamjibu kwa upole. Shule nyingi za sekondari za kata, zilizoongezeka sana kuanzia mwaka 2006, zilijengwa kwa fedha za Serikali na kwa nguvu za wananchi. Wapo waliochanga fedha, wapo waliobeba mawe, mchanga na maji, na wengi wao hawakupata kukaa katika darasa la sekondari hata siku moja. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne. Maana yake si kwamba elimu haina bei. Maana yake ni kwamba bei yake inalipwa na wengine, akiwemo mama auzaye mchele sokoni na mchimbaji mdogo aingiaye shimoni. Aliyelipiwa na watu ana deni kwa watu. Deni hilo halidaiwi mahakamani, na kwa sababu hiyo hasa ni deni la muungwana.

Atasema tena: Lakini mtihani haunipimi kwa kusafisha zahanati. Ni kweli, na hatumtaki mwanafunzi aache vitabu. Twamtaka avitumie. Mwaka 1967, katika kila watu wazima mia moja wa Tanzania Bara, takriban 67 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wameshuka hadi 27 hivi. Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Ziwa ambako mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulianza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Kazi kubwa kama hiyo haikufanywa na waalimu wa mishahara peke yao. Ilihitaji waalimu wa kujitolea, na wengi wa hao elimu yao wenyewe ilikuwa ya shule ya msingi tu. Fikiri, ndugu msomaji: kijana amfundishaye mzee kuandika jina lake hawezi kumpigia kelele, wala kumdharau, wala kumpa adhabu. Hana budi kuvumilia, kueleza mara ya tatu, na kufurahi kwa mafanikio yasiyokuwa yake. Uongozi ni nini kama si hayo?

Nafasi za namna hiyo hazijaisha. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kukaa na watoto wa darasa la pili saa moja kwa juma wakasoma pamoja. Aweza kumsomea bibi yake maandishi ya dawa aliyopewa zahanati. Aweza kupanda miti: Shinyanga ilifyekwa misitu yake kwa ajili ya kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na tangu mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, pamoja na wananchi, ulirudisha maelfu mengi ya hekta kwa kufufua desturi ya ngitili. Na katika nyumba za wachimbaji wadogo, ambako dhahabu hukamatwa kwa zebaki kisha zebaki ikachomwa motoni, mwanafunzi wa kemia huenda akawa mtu pekee nyumbani ajuaye kwamba moshi ule hudhuru ubongo na figo, na kwamba haufai kuvutwa wala kuchomewa jikoni walipo watoto. Kumweleza baba yake jambo hilo kwa adabu, hata akaeleweka, kwahitaji ushujaa kuliko kuwapanga wanafunzi mia mbili mstarini.

Lakini tahadhari moja yafaa itolewe. Huduma hii isiwe mzigo mwingine wa wasichana. Msichana wa sekondari mara nyingi amekwisha kuteka maji, kupika na kulea wadogo zake kabla hajafungua daftari. Kama shule itaita huduma kazi zile zile, na kuzigawa kwa desturi ile ile, basi itakuwa imemwongezea mwenye mzigo na kumwacha mvulana bila somo analolihitaji zaidi.

Tunapendekeza nini basi? Kwanza, kazi za kuwafaa watu ziondolewe katika orodha ya adhabu. Mkosaji asahihishwe kwa njia nyingine, lakini fagio na jembe visiwe alama ya fedheha. Pili, kazi itangulie cheo: asichaguliwe kuwa kiranja ila yule ambaye wenzake wamemwona akifanya kazi wakati hakuna aliyemtazama. Tatu, kiranja akichaguliwa, asisamehewe kazi yoyote anayoisimamia. Awe wa kwanza kushika na wa mwisho kuweka. Nne, wanafunzi wenyewe washauriane ni haja gani ya mtaa wao waitimize, maana anayechagua kazi huiona kuwa yake, na anayeburutwa huiona kuwa ya mwenye kamba.

Na wewe kijana usomaye maneno haya, usingoje shule ibadilike ndipo uanze. Kama una cheo, kesho asubuhi chukua fagio kabla ya kumwamuru mtu. Watakucheka siku ya kwanza. Siku ya tatu watakutazama. Siku ya saba mmoja atakuja kufagia kando yako bila kuambiwa, na hapo utakuwa umemwongoza mtu kwa mara ya kwanza maishani mwako. Na kama huna cheo, jua kwamba hujanyimwa kitu: mlango wa utumishi hauna bawabu.

Wewe nawe mzazi, au mwalimu, kumbuka kwamba mtoto hutusikiliza kwa macho zaidi kuliko kwa masikio. Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea kijana ajue kwamba mkubwa ni yule aliyesamehewa kazi, tusilalamike atakapokuwa mkubwa na kutusahau.

Mwenyezi Mungu atujalie viongozi ambao mikono yao inaijua kazi wanayotuagiza, na atuanzishie sisi wenyewe. Amin.