Jina la Fisi

Naitwa Mbiti. Si jina la babu lililofuata nyuma ya Brian au Kevin. Ndilo la kwanza, na jina la ubatizo sina. Kwa Kikamba, mbiti ni fisi.

Sasa fikiria kukua Machakos na jina hilo, miaka ambayo vijana wa Kenya walikuwa wakiwaita wanaume wakware "Team Mafisi". Mwalimu akiita majina, lazima kuna mtu wa nyuma angelia kama fisi. Chuoni, kabla karo haijanirudisha nyumbani, nilijitambulisha kama Brian. Niliporudi nikaamua kulibadilisha kisheria, litangazwe kwenye Gazeti Rasmi, yaishe.

Nilimwambia mama pale kibandani kwake sokoni. Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua ndengu, kisha akasema, "Kabla yako kulikuwa na wawili."

Hilo nililijua juu juu. Sikujua kwamba wao walipewa majina mazuri, ya kanisani. "Wewe susu wako alikataa," mama akasema. "Alisema kifo hakina haja na mtoto ambaye ashatupiwa fisi."

Ndivyo zamani, Ukambani na kwingineko, nyumba iliyozika watoto ilivyoweza kumpa anayefuata jina baya, ili kifo kimdharau kipite. John Mbiti, mwanafalsafa aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alienda na jina hilihili hadi Cambridge, na leo limeandikwa kwenye majalada ya vitabu.

Lakini umaarufu wake haujibu swali langu: je, mtu ana deni kwa jina ambalo hakuliomba? Rafiki yangu anasema hapana, jina ni lako, fanya utakalo. Nakubali haki hiyo ninayo. Shida ni kwamba nililisoma jina kama maelezo kunihusu mimi, ndiyo maana likaniuma. Kumbe lilieleza hofu ya mama aliyeogopa kunipenda kwa sauti, kifo kisije kikasikia.

Siamini kwamba jina ndilo lililoniokoa. Hata mama haamini, yeye ni mtu wa kanisa. Ila wale wawili hawana picha, na makaburi yao hayana maandishi. Mahali pekee wanapotajwa ni katika jina langu. Nikilifuta, nitakuwa nimewafuta na wao.

Kwa hivyo nimebaki nalo. Mwanangu, nikijaaliwa, sitamwita hivyo. Yeye atapewa jina zuri, na kwa sauti.

Wiki jana wakala wa M-Pesa alisoma kitambulisho changu akacheka. "Mbiti? Kwani fisi naye hutoa pesa?"

"Akiwa nazo," nikamwambia. Tukacheka wote. Kisha nikaandika jina langu kwenye daftari lake, herufi zote.