Cheti, Nia na Amana

Mtoto wa dada yangu ana diploma ya biashara na ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Sasa anataka kuhamia kazi ya msaada wa kompyuta, ambayo ndiyo kazi yangu. Ameniuliza: "Halati, nianze na cheti gani? Wenzangu wanasema usalama wa mitandao ndio wenye pesa." Wengi huniuliza swali hilo, na wengi hutarajia niwatajie jina la mtihani na bei yake. Nitayataja hayo. Lakini mimi naliona swali hili kuwa la dini kwanza, na ningependa kulijibu kwa njia hiyo.

Imam Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, aliandika katika Ihya Ulumiddin kwamba elimu za dunia nazo zina fardhi yake. Alizitaja tiba na hesabu, akaendelea hadi kilimo, ufumaji, ushonaji na hijama. Hizi ni fardhi kifaya, sawa na sala ya maiti: wakisimama baadhi, waliobaki wamesalimika, asiposimama yeyote, mji mzima una dhambi. Kisha akalalamika. Miji mingi ya zama zake ilikuwa haina tabibu Mwislamu hata mmoja, huku wanafunzi wakisongamana kwenye fiqhi, hasa ile ya mabishano. Sababu aliitaja waziwazi: tiba haikumfikisha mtu kwenye ukadhi, wala kwenye usimamizi wa wakfu na mali za mayatima. Fiqhi ilimfikisha.

Nikiyafikiria maneno hayo nawaona vijana wetu. Kila mmoja anataka kulinda mitandao ya benki. Ni kazi njema na inahitajika, lakini zahanati ya mtaani ina kompyuta mbili na mmoja wa wauguzi ndiye anayezihangaikia. Shule ina maabara iliyofungwa kwa kufuli kwa sababu mashine zilikufa moja baada ya nyingine na hakuna aliyezifungua. Kwenye ofisi za forodha, printa ikigoma au intaneti ikikatika, nyaraka za kontena hazitoki. Siku za bure bandarini zikiisha, gharama za kuhifadhi mzigo zinaanza kuhesabiwa, na mwenye mzigo huenda ni mama anayeuza mitumba sokoni Kongowea. Mtu wa kuitatua shida hiyo asubuhi ile ile anasimama mahali pa fardhi, hata kama mshahara wake ni mdogo na hakuna anayemwita mtaalamu.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza cha kuchagua cheti ni hiki: kikishapatikana, ni nani nitakayeweza kumsaidia kesho asubuhi?

Kwa kipimo hicho, namwambia kijana wetu aanze na A+ ya CompTIA, shirika la vyeti vya kompyuta. Mtihani huu umekuwapo tangu 1993 na una sehemu mbili. Kila sehemu ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90; alama ya kufaulu ni 675 kwa ya kwanza na 700 kwa ya pili, kwenye kipimo kinachoishia 900. Cheti hudumu miaka 3, kisha hutakiwa kuhuishwa. Ndani yake mna vifaa, printa, kebo, simu, Windows, virusi, yaani yale yale yanayomkwamisha muuguzi wa zahanati. Asiyewahi kabisa kufungua kompyuta anaweza kutangulia na masomo ya Google ya msaada wa kompyuta, yaliyoanza Januari 2018 kupitia Coursera, kwa kuwa yanamchukua mtu asiye na msingi wowote. CCNA ya Cisco inamfaa atakayeshughulika na swichi na ruta. ITIL inafundisha jinsi ofisi inavyopokea shida za watu na kuzifuatilia hadi mwisho. Security+, cheti cha ule usalama ambao wenzake wanausifu, wenyewe walioitunga wanapendekeza uifikie ukiwa umepita Network+, cheti chao cha mitandao, na una uzoefu wa kazi wa miaka 2. Ushauri huo unatoka kwa muuzaji mwenyewe, ambaye angefaidika lau kila mtu angeinunua leo.

Kipimo cha pili ni amana, na hapa ndipo moyo wangu ulipo zaidi.

Mzee mmoja, wakala wa forodha, huniita kompyuta yake inapokataa kufunguka. Akishaniamkua, hutoa mfukoni mwa koti karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu yake kuna nywila ya barua pepe, nywila ya mfumo wa forodha, na chini kabisa namba ya siri ya benki. Hunikabidhi karatasi nzima, kisha huenda kuagiza kahawa. Mimi huikunja na kumrudishia. Husubiri arudi aandike mwenyewe, nami hugeuza uso kuelekea dirishani. Mzee huyu hajui tofauti ya diski na kumbukumbu ya mashine. Hawezi kuniuliza swali litakalofichua kama naijua kazi au siijui. Alichonacho ni imani tu, na imani hiyo imejengwa na mtu aliyemwambia, "Huyu ana cheti."

Mtaala wa A+ unalitambua jambo hili kuliko vijana wengi wanavyodhani. Una hatua sita za kutafuta tatizo, na ya kwanza ni kumsikiliza mwenye kompyuta na kumuuliza ni nini kilichobadilika. Unaelekeza kwamba kabla ya kubadilisha chochote utoe nakala ya data yake. Unataka mambo ya siri ya mteja yashughulikiwe kwa heshima, ufike kwa wakati, na usimdharau. Aliyesoma madrasa atayatambua haya mara moja: ni adabu. Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini sheria haimo chumbani wakati fundi yuko peke yake na picha za harusi ya binti wa watu.

Kwa sababu hiyo naukataa kabisa mtindo wa kukariri maswali yaliyovuja. Yanauzwa mtandaoni, yanapitishwa kwenye makundi ya WhatsApp, na watu hujipongeza kwayo kama waliosoma. Tunaijua mwakenya, karatasi ya majibu ya kufichwa, tangu shuleni, na wapo wanaosema hii ni ile ile. Kwangu ni nzito zaidi. Anayeiba mtihani wa historia anajidhulumu na kuwadhulumu wanafunzi wenzake. Anayekipata cheti cha ufundi kwa njia hiyo anamtolea ushahidi wa uongo yule mzee wa karatasi, asiye na namna yoyote ya kuuchunguza ushahidi huo. Isitoshe, kabla ya mtihani amekubali sharti la kutotumia wala kusambaza maswali, na akigundulika cheti hufutwa. Hata asipogundulika, siku atakapofuta diski ya mtu bila kutoa nakala, hasara itampata mwingine.

Najua hoja itakayoletwa. Kijana ana kodi ya nyumba, kila sehemu ya mtihani wa A+ Marekani inauzwa zaidi ya dola 200, na mimi nakaa hapa nikimsomea Ghazali. Hoja hiyo ina haki yake. Basi na turudi kwa Ghazali huyo huyo. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiyya cha Baghdad, aliichunguza nia yake ya kufundisha, akaona imechanganyika na kutafuta jaha na sifa, akaiacha kazi. Lakini anasimulia kwamba alipoigawa mali yake alibakisha kiasi cha kumtosha yeye na riziki ya watoto wake. Hakuona aibu katika kulisha watoto. Kutafuta riziki ya halali ni nia safi, na kijana hahitaji kujifanya kwamba pesa hazimo. Anachotakiwa kujiuliza ni kama pesa ndizo peke yake, maana zikiwa peke yake ataona njia ya mkato kuwa akili, na mzee wa karatasi kuwa mteja msumbufu.

Ugumu wa pesa pia unaelekeza mahali pa kuanzia. Kujifunza kwa kiasi kikubwa ni bure: Cisco Networking Academy ina kozi zisizolipiwa, na video za Professor Messer zinafuata mtaala wa A+ mada kwa mada. Kinachogharimu ni mtihani. Basi asome kwanza. Aende kwenye ile maabara ya shule yenye kufuli, aombe ufunguo, afungue mashine moja iliyokufa, aifufue. Akishindwa aandike alichokijaribu, arudi kesho. Atakapokuwa anaweza kumweleza mwalimu mkuu, kwa maneno ya kawaida, kilichoharibika na kwa nini, hapo alipie mtihani. Cheti kitasema kile ambacho mikono yake imeshakisema.

Hili ndilo jibu langu kwake na kwa kila anayeniuliza. Anza na A+, iache Security+ mpaka uwe umefanya kazi, usiguse maswali yaliyoibwa hata ukipewa bure, na kabla ya kulipa chochote iweke sawa nia yako. Atakayekuletea kompyuta iliyokufa hawezi kukukagua, atakuamini tu. Soma kwa ajili yake, na riziki yako itapita humo humo.